Mama Daktari Anajibu: Sindano ya nguvu za kiume na kipimo kinachosoma sifuri

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu mbegu za kiume, na karibu zote zinaomba jina lisichapwe. Sawa, herufi moja na mji vinanitosha. Nimetanguliza ile ndefu ya Mwanza kwa sababu majibu ya zilizobaki yanaitegemea, kwa hiyo usiiruke ukakimbilia swali la supu ya pweza. Kwa msomaji mgeni: mimi ni daktari wa patholojia. Kazi ya hospitali nimestaafu, ila bado nawafundisha wanafunzi wa udaktari kusoma tishu kwa hadubini. Ndiyo maana mtaniona nakaa sana kwenye kinachoonekana juu ya kioo, na dawa nazitaja kwa uchache.

*

*Shikamoo Mama Daktari. Nina miaka 31, nimeoa mwaka wa tatu huu na hatujajaliwa mtoto. Mwaka jana kipimo changu cha manii kilionyesha mbegu milioni 11 kwa mililita moja, nikaambiwa ni chache. Rafiki yangu tunayenyanyua naye vyuma akanishauri nichome testosteroni, akasema ndiyo homoni inayotengeneza mbegu na hata vitabu vya shule vinasema hivyo. Nimechoma kila wiki kwa miezi saba. Mwili umejaa, nguvu zimeongezeka, tendo la ndoa halina shida kabisa. Wiki iliyopita nimerudia kipimo: hakuna mbegu hata moja. Nikatoa sampuli nyingine, jibu lile lile. Nimelogwa, au maabara wamekosea? — J., Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Hujalogwa, na maabara hawajakosea. Ni sindano, nayo imefanya kazi yake kama inavyojulikana na kila daktari wa homoni.

Rafiki yako ana ukweli nusu. Testosteroni inahitajika ili mbegu zitengenezwe. Swali ni inahitajika wapi. Ndani ya korodani kiwango chake ni cha juu mno, takriban mara mia ya kile kinachopatikana kwenye damu ya mkononi. Hakuna sindano ya kuujaza mwili mzima hadi korodani ifikie kiwango hicho. Testosteroni ile hutengenezwa humo humo na seli za Leydig, zinazokaa kwenye nafasi kati ya mrija wa mbegu na mrija mwingine. Mjerumani Franz Leydig alizieleza mwaka 1850. Seli hizi hazijiamulii kufanya kazi. Zinasubiri homoni iitwayo LH kutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na pituitari nayo inasubiri GnRH, homoni inayotolewa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, kwa vipindi, takriban kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Waliogundua muundo wa GnRH, Andrew Schally na Roger Guillemin, walikuwa mahasimu wa kazi. Mmoja alisaga bongo za nguruwe, mwenzake za kondoo, kwa maelfu na maelfu, mpaka mwaka 1977 wakajikuta wanagawana Tuzo ya Nobel, wao wawili pamoja na Rosalyn Yalow.

Sasa angalia ubongo unapima nini. Unapima damu. Hauna namna ya kuchungulia ndani ya korodani. Ukichoma testosteroni kila wiki, damu inajaa, ubongo unaona homoni ni tele, unanyamaza. LH inashuka, na dada yake FSH, homoni nyingine ya pituitari, inashuka pia. Seli za Leydig zinakosa amri na kuacha kazi. Matokeo yake ni mwili wenye testosteroni ya kutosha na kusaza kwenye damu, huku ndani ya korodani kukiwa kumebaki sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Misuli, ndevu na hamu ya tendo vinaendeshwa na ile ya kwenye damu. Ndiyo maana siku zote hizo ulijiona mzima kuliko zamani.

Na mbegu je? Seli changa ya mbegu, tangu inapoanza kugawanyika hadi inapoota mkia, inatembea na vifaa vya kujiua ndani yake. Vifaa hivyo havifyatuki kwa sababu seli inaendelea kupokea taarifa kwamba mazingira ni mazuri, na taarifa hizo zinategemea testosteroni na FSH. Zikikatika, seli inasinyaa, kiini chake kinagandamana, vinasaba vinakatwa vipande vipande, kisha inamezwa na jirani yake. Kufa kwa namna hii kunaitwa apoptosi, kifo cha seli kilichopangwa. Jina hilo walilitoa John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie mwaka 1972. Hakuna usaha wala uvimbe wala maumivu. Mwenye korodani hajui kinachoendelea mpaka apime, au siku moja agundue kwamba zimepungua ukubwa. (Hukuandika kuhusu hilo, lakini nina hakika umeshaliona.)

Mwaka 1997 watafiti wa Helsinki walichapisha jaribio ambalo huwa nalieleza darasani kila mwaka. Walichukua mirija ya mbegu kutoka kwa wanaume wazima waliotolewa korodani kwa sababu ya matibabu, wakaikata vipande na kuviweka kwenye chombo bila homoni. Ndani ya saa chache seli za mbegu zilianza kufa kwa mtindo huo huo. Walipoongeza testosteroni kwenye chombo, vifo vilipungua. Kwa hiyo usiifikirie sindano yako kama sumu iliyoingia kwenye korodani ikaua. Ilichofanya ni kuondoa kitu kilichokuwa kinazizuia seli zisife.

Kuna jambo rafiki yako angeshangaa kulisikia. Shirika la Afya Duniani lilishawahi kuijaribu sindano kama hiyo kuwa *njia ya uzazi wa mpango*. Wanaume 271, katika vituo kumi vya nchi saba, walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: wanaume 157 walifika sifuri kabisa, na katika mwaka waliotegemea sindano peke yake mimba ilipatikana moja tu. Wewe unatafuta mtoto, umepewa kinga ya kutopata mtoto, na ukalipia.

Habari njema iko kwenye jaribio hilo hilo, kwa sababu walipoacha sindano mbegu zilirudi. Seli za shina, zile zinazozalisha nyingine zote, zinavumilia zaidi ukosefu wa homoni kuliko watoto wao. Mwaka 2006 zilikusanywa takwimu za wanaume zaidi ya 1,500 waliotumia homoni kuzuia mimba kisha wakaacha. Asilimia 67 walirudi kwenye mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi sita, asilimia 90 ndani ya mwaka, na waliobaki ndani ya miaka miwili. Wale walikuwa wanaume wenye mbegu nzuri tangu mwanzo na dozi zao zilisimamiwa. Wewe ulianzia milioni 11, na sijui chupa zile zilikuwa na nini ndani, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama ahadi.

Cha kufanya: acha sindano, lakini uache ukiwa mikononi mwa daktari, ikiwezekana wa homoni au wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Wiki za mwanzo utalegea, hamu itapungua, na vyuma vitakuwa vizito. Hapo ndipo vijana wengi hukata tamaa wakarudia chupa. Daktari anaweza kukupa dawa za kuiamsha pituitari, au sindano za hCG zinazofanya kazi ya LH, akiona inafaa. Usizinunue mwenyewe, kwa yule aliyekuuzia ya kwanza ndiyo kabisa. Apime LH, FSH na testosteroni, damu itolewe asubuhi. Kwa dozi uliyokuwa unachoma nategemea LH na FSH zako zitakuwa chini kabisa, na kwa hali yako hilo ndilo jibu ninalolitaka, maana linaonyesha kiwanda kimezimwa tu. Msomaji wa mwisho leo ana jibu la kinyume, soma uone tofauti.

Manii rudia baada ya miezi mitatu, si kabla. Watafiti Clermont na Heller walionyesha miaka ya 1960 kwamba safari ya seli moja kutoka shina hadi mbegu kamili huchukua takriban siku 74, halafu kuna siku kadhaa za kupita kwenye mrija wa epididimisi. Ukipima baada ya wiki tatu utajihuzunisha bure.

Halafu turudi pale ulipoanzia, kwenye milioni 11. Kipimo cha chini cha rejea cha Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni milioni 16 kwa mililita. Wewe ulikuwa chini yake kidogo, na watu wengi wa namna hiyo hupata watoto. Hakuna aliyekutazama kama una mishipa iliyovimba kwenye mfuko wa korodani, varikoseli. Wanaume kama 15 kati ya 100 wanayo, na kati ya wanaohangaika kupata mtoto idadi inapita mara mbili ya hapo. Inaonekana kwa macho na mkono mtu akiwa amesimama, haihitaji mashine. Na mkeo apimwe sambamba, asisubiri wewe upone.

*

*Assalaam aleikum Bi Daktari. Mimi ni mchoma mikate, nasimama mbele ya tanuri toka saa tisa usiku hadi kumekucha. Nina wana wawili niliowapata kabla ya kazi hii. Sasa mwaka wa pili mke wangu hashiki mimba. Homoni nimepimwa, zote wasema ziko sawa. Mbegu ndizo chache. Kama homoni ziko sawa, kitu gani chaziua? — S., Mombasa*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Homoni zinatosha kumzuia seli wa mbegu asijiue pale tu ambapo mambo mengine yako shwari. Joto linaweza kumfyatua hata homoni zikiwa tele.

Korodani zimening'inizwa nje ya mwili ili zikae kwenye joto lililo pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Zikipandishwa hadi joto la tumboni, seli zilizo katikati ya mgawanyo wa kupunguza kromosomu, pamoja na zile za duara zilizotoka tu kwenye mgawanyo huo, huanza kufa kwa apoptosi. Seli za shina hustahimili. Kwa hiyo mtu wa tanuri huwa na mbegu chache kwa kadiri anavyokaa tanurini, na akiondoka hurudi. Homa kali hufanya kazi hiyo hiyo: mtu aliyeugua malaria akapima manii baada ya mwezi mmoja au miwili anaweza kupata jibu la kutisha ambalo halina maana yoyote ya kudumu. Mkumbushe anayekupima kama uliugua.

Watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2018 utafiti wa wanaume 656. Wale waliovaa boksa zilizolegea walikuwa na mbegu zilizosongamana zaidi kwa asilimia 25 kuliko waliovaa chupi za kubana, na FSH yao ilikuwa chini kwa asilimia 14. Hiyo FSH ndiyo iliyonivutia mimi. Inaonyesha kwamba kwa wale waliobana, pituitari ilikuwa inasukuma zaidi kufidia seli zinazokufa. Kwa hiyo ukiambiwa homoni ziko sawa, omba uione FSH yako kwa namba. Ikiwa ndani ya kiwango lakini imepanda upande wa juu, nitaamini tanuri lina mkono wake.

Mwajiri akikubali, badilishaneni zamu ili usisimame mbele ya mlango wa tanuri usiku kucha. Nyumbani vaa kikoi. Wewe uko pwani, huhitaji kufundishwa hilo. Chunguzwa varikoseli, maana nayo huongeza joto. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu ya mabadiliko.

*

*Shikamoo Mama Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha tano na sita. Nimewaambia wanafunzi kwamba seli nyingi zinazoandaliwa kuwa mbegu hufa kabla ya kukomaa, hata kwa mwanamume mwenye afya. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: kwa nini mwili utengeneze kisha uue? Na je, homoni ndiyo inayochagua ipi ife? Nilimwambia nitamletea jibu. — Mwalimu K., Iringa*

Marahaba, mwalimu. Mpe hongera huyo mwanafunzi, na muanze na hesabu. Kwa panya wa maabara ilishapigwa: ukikokotoa mgawanyo mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye seli ya mwanzo, unapata idadi ya mbegu zinazotarajiwa, ukihesabu zinazopatikana kweli, hadi robo tatu hazipo. Vifo vingi viko mwanzoni, wakati seli bado ni spematogonia zinazogawanyika kujiongeza.

Wanafunzi wangu, wakishasikia hivyo, huinama kwenye hadubini kutafuta maiti na hawazioni. Wanaona mrija, wanaona seli zimepangana kutoka ukutani kuja katikati, rangi ya zambarau na waridi, na pengine kijidoti kimoja cheusi kilichosinyaa. Wanadhani nimewadanganya. Maiti hazionekani kwa kuwa zinaliwa haraka. Anayezila ni seli ya Sertoli, seli ndefu iliyosimama kutoka ukutani hadi katikati ya mrija, ikizikumbatia seli zote za mbegu. Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 23 tu. Ukitaka kuona vifo vyenyewe lazima utumie rangi maalumu inayoshika ncha za vinasaba vilivyokatika. Kwa rangi hiyo mrija wa panya aliyenyimwa homoni unajaa madoa ya kahawia, na darasa zima hunyamaza.

Sasa sababu. Seli moja ya Sertoli ina uwezo wa kulea idadi fulani tu ya seli za mbegu. Mkulima anayepanda mahindi akatia mbegu tatu shimoni hupunguzia miche ikiota, kwa kuwa akiiacha yote mitatu hatapata hata gunzi moja la maana. Korodani inapunguzia vivyo hivyo. Tena tunao ushahidi wa kinachotokea kupunguzia kukikosekana. Mwaka 1995 walitengenezwa panya wasio na jeni ya Bax, protini inayotoboa mitokondria na kuanzisha kifo cha seli. Mtu angetegemea panya hao wawe na mbegu kupita kiasi. Walikuwa wagumba. Mirija yao ilijaa seli changa zilizosongamana, na mbegu kamili hazikutoka. Waliotengenezewa protini ya ziada ya kuzuia vifo, Bcl-2, yaliwakuta hayo hayo. Kwa panya mchanga kuna wimbi kubwa la vifo katika wiki za mwanzo za uhai wake, na bila wimbi hilo uzazi wake hauanzi sawasawa. Kila nikisikia mfanyabiashara anatangaza dawa ya "kuzuia seli zisife" nawakumbuka panya hao.

Sababu ya pili ni ukaguzi. Kwenye mgawanyo wa kupunguza, kromosomu lazima zioane jozi kwa jozi. Seli ambayo kromosomu zake zimeshindwa kuoana huuawa pale pale, la sivyo kasoro hiyo ingesafiri hadi kwa mtoto.

Kuhusu homoni kuchagua: hapana, homoni haimtazami seli mmoja mmoja. Jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilisemi ni kwamba seli za mbegu zenyewe hazina kipokezi cha testosteroni kinachofanya kazi hii. Kipokezi kiko kwenye seli ya Sertoli. FSH nayo hupokelewa na Sertoli. Mwaka 2004 waliundwa panya ambao kipokezi cha testosteroni kiliondolewa kwenye Sertoli peke yake. Testosteroni ilikuwepo, lakini seli za mbegu zilikwama kwenye mgawanyo wa kupunguza na hazikuendelea. Kwa hiyo chora ubaoni namna hii: homoni inaiendesha Sertoli, na Sertoli ndiyo inayowapa watoto inaowalea chakula na amri ya kuishi. Kwa jumla FSH huonekana zaidi kwenye kunusuru zile za mwanzo, spematogonia, na testosteroni kwenye zile zilizo katikati ya mgawanyo na zinazobadilika umbo baadaye. Mipaka si mikali, na kwa binadamu ukosefu wa homoni hujionyesha pia kwa spematogonia kugoma kuendelea, na kwa mbegu zilizokwisha kukomaa kushindwa kuachiliwa na Sertoli.

FSH ina kazi nyingine ya zamani zaidi. Miezi ya mwanzo baada ya mtoto wa kiume kuzaliwa, LH na FSH zake hupanda kwa muda kisha hushuka hadi balehe. Katika vipindi hivyo FSH huzidisha idadi ya seli za Sertoli. Baada ya balehe idadi hiyo haiongezeki tena, na ndiyo inayoweka kikomo cha mbegu ambazo mwanamume huyo ataweza kuzalisha maisha yake yote.

Wasichana darasani wakicheka, waambie yetu ni kali zaidi. Kijusi wa kike wa wiki 20 ana mayai machanga milioni sita au saba. Akizaliwa yamebaki milioni moja hadi mbili, akifika balehe laki tatu au nne, na yatakayotoka ni kama 400. Yaliyobaki yote yanakufa kwa apoptosi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wanaume wana seli za shina za kuanza upya kila siku, sisi hatuna.

*

*Mama, supu ya pweza inaongeza mbegu au haiongezi? Tumebishana kijiweni na kuna hela mezani. — Vijana wa Buguruni*

Haiongezi. Ni protini nzuri, ina madini ya zinki kiasi, na mimi naipenda ikiwa na ndimu na pilipili. Pituitari haina habari nayo. Na zile chupa za "mchanganyiko wa mizizi" zinazouzwa jirani na meza ya pweza ziacheni: hata dawa halisi za kusimamisha uume haziongezi mbegu, na baadhi ya wauzaji huzisaga humo kimya kimya, jambo la hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Aliyeshinda hela anitumie nauli.

*

*Mwanangu wa kiume wa miaka sita ameugua matumbwitumbwi. Mama mkwe anasema atakuwa mgumba. Silali. — Mama A., Dodoma*

Lala, mama. Matumbwitumbwi huingia kwenye korodani kwa wale wanaougua baada ya kubalehe, na hata kati yao ni wachache, mara nyingi upande mmoja tu. Kwa mtoto wa miaka sita ni nadra sana. Angalia kama korodani itavimba au kuuma. Ikitokea, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna ugonjwa wa korodani kujisokota ambao hausubiri kesho na hauna uhusiano na matumbwitumbwi. Ukiwaza kuhusu wadogo zake, chanjo yetu ya kawaida ya surua na rubela haina kinga ya matumbwitumbwi.

*

*Shikamoo Mama Daktari. Miaka sita ya ndoa naitwa mgumba na wakwe. Mwaka huu mume wangu amekubali kupima. Manii mara mbili mbegu sifuri, FSH 24, na daktari alisema korodani ni ndogo. Kuna mtu amemshauri achome testosteroni. Je, tuna tumaini? — R., Morogoro*

Marahaba, binti yangu. Kwanza testosteroni asichome kwa sasa. Someni barua ya Mwanza pamoja, wewe na yeye.

Kwake hali ni nyingine. Kwenye maabara nyingi FSH ya mwanamume mzima haipiti 12 hivi. Seli za Sertoli zikiwa na mbegu za kulea hutoa homoni iitwayo inhibini B, na hiyo ndiyo inayoiambia pituitari ipunguze FSH. Mirija ikiwa imepungukiwa na seli, inhibini B inashuka, pituitari inasukuma bila kujibiwa. FSH ya 24 yenye korodani ndogo inasema tatizo liko ndani ya mirija. Njia iliyoziba haileti picha hii. Aliyezibwa huwa na korodani za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida. Kwa hiyo mtu akiwaambia mfanyiwe upasuaji wa "kuzibua", mkatae mpaka mpate maoni ya pili.

Kipimo kinachofuata ni cha kromosomu. Mvulana mmoja katika kila 600 hivi huzaliwa na kromosomu X ya ziada, hali iitwayo Klinefelter, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Wavulana hao huzaliwa na seli za shina za mbegu, lakini nyingi hupotea, hasa homoni za balehe zinapopanda, wakati ambao kwa wengine ndipo uzazi unapoanza. Hata hivyo huwa kunabaki mirija michache yenye uhai. Daktari wa upasuaji akitumia hadubini anaweza kuitafuta ndani ya korodani na kuchomoa mbegu, na kwa wanaume wenye sifuri ya aina hii mbegu hupatikana kwa karibu nusu yao. Mbegu hizo huchomwa moja moja ndani ya yai maabara. Huduma hiyo iko hospitali chache, na gharama ni kubwa. Ulizeni bei yote kwa maandishi kabla ya kuanza, pamoja na dawa zako wewe. Testosteroni anaweza kuihitaji baadaye kwa ajili ya mifupa na nguvu zake, lakini baada ya hatua hii.

Wakwe zako waoneshwe karatasi au wasioneshwe, huo ni uamuzi wa mume wako, maana ni mwili wake. Kulikanusha jina la mgumba mbele yao, hilo naye anaweza kulifanya leo bila karatasi yoyote.

Mkienda kwa mtaalamu chukueni majibu yote mawili ya manii, na FSH iambatane na LH na testosteroni ya asubuhi. Mwambieni daktari aliyempima aandike ukubwa wa kila korodani kwa mililita. Neno "ndogo" peke yake litawarudisha kupima upya na kulipa mara ya pili.